Edward Tingatinga: musaidizi wa hospitali aliyeachia filme za watoto jina lake

Mwaka wa 2010, CBeebies, televizio ya watoto ya BBC kule Uingereza, ilianza kupitisha filme fupi-fupi za kuchorwa, zile watu wanaitaka desen anime. Jina la ule mukusanyo ni Tinga Tinga Tales, maana yake hadisi za Tinga Tinga. Hadisi ziko 52. Kila moja inachukua dakika karibu 11, na kila moja inajibu ulizo moja la kitoto: juu ya nini tembo iko na mukonga, juu ya nini nyoka haina miguu, juu ya nini kiboko haina manyoya.

Muzazi wa Butembo ao wa Beni akikaa na watoto kuangalia hizo filme, atajikuta fasi anayojua. Ni hadisi za mangaribi, za pembeni ya moto, kwenye wanyama wanasema sawa watu, wanadanganyana, wanapatanishwa. Kampuni yenye kusimamia kazi, Tiger Aspect, ilikuwa ya London. Lakini wanyama walichorwa na kutembezwa Nairobi, ndani ya studio ya Homeboyz, na mikono ya vijana wa Kenya. Mu minziki kuna sauti na kazi ya Eric Wainaina, mwimbaji wa Kenya.

Miaka imepita, na ule mukusanyo umeanza kusahaulika. Watoto wanafuata filme zingine ku telefone, nyingi zinatoka mbali, na hakuna kobe hata moja ndani. Lakini Tinga Tinga Tales inafaa kuangaliwa tena, na mara hii muzazi aangalie hata jina lenyewe. Maulizo 52 yanajibiwa mule, lakini moja haijibiwe: Tinga Tinga ni nani?

Haiko munyama. Haiko pia ile mashini ya kulima barabara, ile Watanzania wanaitaka tingatinga. Ni jina la mutu, Edward Saidi Tingatinga, aliyekuwa musaidizi wa hospitali mu muji wa Dar es Salaam. Alikufa mwaka wa 1972, miaka 38 mbele ya hizo filme kuanza. Hakuona hata picha moja ya ile kazi, na hakukula hata franga moja yake. Na ndani ya maisha yake kuna kipande kimoja kinachogusa Congo.

Mutoto wa Tunduru

Edward alizaliwa mwaka wa 1932 mu kijiji cha Namochelia, kinachoitwa leo Nakapanya, mu wilaya ya Tunduru. Ni kusini kabisa ya Tanzania, upande wa kuelekea Msumbiji. Wakati ule inchi ilikuwa ingali inaitwa Tanganyika, na Waingereza ndio walikuwa wanaitawala.

Baba yake alikuwa wa kabila la Wangindo, na ni Muislamu. Mama yake alikuwa Mumakua, na ni Mukristo. Njo maana mutoto alibeba majina ya pande mbili: Edward na Saidi. Hiyo haikuwa ajabu kusini ya Tanganyika, kwenye familia nyingi zilikuwa na watu wa msikiti na watu wa kanisa ndani ya lupango moja.

Masomo hayakwenda mbali. Alisoma miaka ine tu ku masomo ya misioni, kisha akarudi ku jembe. Hakuna mwalimu aliyemufundisha kuchora. Kile alichopata kule Tunduru ni pori: inchi kubwa ya miti na nyasi, watu kidogo, wanyama wengi. Chui, tembo, fisi na ndege wa kila rangi hawakuwa kwake mambo ya kitabu. Alikomaa karibu nao, na nyuma ya miaka mingi wangerudi kutoka mu vidole vyake.

Mu miaka ya 1950, kijana aliacha kijiji. Alifanya safari ndefu sana toka kusini mpaka Tanga, kaskazini ya inchi, ku mashamba ya mukonge. Mukonge ni ile mumea yenye majani magumu na miiba, inayotoa nyuzi za kufanya kamba na magunia. Wakati ule Tanganyika ilikuwa moja ya inchi zinazotoa mukonge mwingi kupita zote duniani, na mashamba yalikuwa yanakula vijana toka pande zote. Kazi ilikuwa ngumu, mushahara mudogo. Mutu wa Kivu ya Kaskazini anaweza kuelewa ile safari bila shida. Ni sawa vile vijana wa milima ya Lubero wanashukaka upande wa Beni kutafuta udongo na kazi, na wengine hawarudi tena kukaa kwao.

Boyi, muuzaji wa mboga, musaidizi wa wagonjwa

Mwaka wa 1959, Edward alifika Dar es Salaam. Alikuwa na ndugu mmoja mule, mupishi ndani ya nyumba ya mukubwa mmoja Muingereza. Kupitia huyo ndugu, alipata kazi ya nyumbani na ya shamba la maua. Huku Congo wangemuita boyi, na kila familia yenye wazee inajua ile kazi ilikuwa namna gani.

Tarehe 9 ya mwezi wa 12 mwaka wa 1961, Tanganyika ikapata uhuru. Watu waliimba, na walikuwa na sababu ya kuimba. Lakini kwa watu wa kazi ya nyumbani, uhuru ulileta pia shida ingine: wakubwa Waingereza walianza kufunga masanduku, na kazi zao zikaenda nao. Edward alibakia bila mushahara.

Akaanza kutafuta maisha sawa vile watu wanatafutaka mu kila muji mukubwa. Aliuzisha matunda na mboga. Alishika kazi za siku moja-moja. Alikuwa anakaa Msasani, kartié ya pembeni ya bahari yenye wavuvi na watu wa hali ya chini, si mbali na Oyster Bay, kwenye matajiri na wageni walikuwa na nyumba zao. Mwishowe akapata kazi ku hospitali kubwa ya Muhimbili, ya kusaidia wauguzi na wagonjwa. Haikuwa kazi ya jina, lakini ilikuwa na mushahara wa kila mwezi.

Kama hadisi yake ingeishia hapo, hakuna mutu wa inje ya familia angejua kama Edward Tingatinga alipata kuishi.

Watu toka Congo ku barabara ya Dar es Salaam

Hapa njo Congo inaingia. Mu miaka ya 1960, ku mabarabara ya Dar es Salaam kulikuwa wachoraji waliotoka Congo. Walikuwa wanatembeza tablo zao, wanauzishia wageni na watu wa serikali. Wenye kusimulia maisha ya Tingatinga wanaeleza kama aliziona hizo tablo, aliona pia feza zikitoka mu mifuko ya wageni, na akajiambia kama ile kazi hata yeye anaweza kuifanya.

Wakati ule watu wa Congo na wa Tanganyika walikuwa wanavuka sana. Nyuma ya uhuru wa 1960, na zaidi wakati wa vita vya Simba vya 1964, Wacongomani wengi walipita ziwa Tanganyika kutafuta usalama ngambo ingine. Watu wakivuka, kazi ya mikono inavuka nao.

Na Congo ilikuwa imeshaanza kuchora zamani. Mwaka wa 1946, Mufaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua atelie mu muji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Watu waliiita Hangar. Hakutaka wanafunzi waige tablo za Ulaya. Aliwaacha wachore kile macho yao yenyewe yanajua. Mule mulitoka Pilipili Mulongoy na ndege zake na samaki zake, mulitoka Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi-mifupi, mulitoka Bela Sara aliyepaka rangi kwa vidole. Ukiweka ndege ya Pilipili pembeni ya ndege ya Tingatinga, hautazani kama ni mutu mmoja aliyezichora, lakini utaona kama zinasikilizana: munyama mbele, rangi kali, na fasi yote ya tablo inajazwa.

Jambo la kuangalia hapa ni dogo, lakini lina uzito. Wale Wacongomani wa barabara hawakuacha majina ku ukuta wa museo. Mutu alipita, akaangalia kazi yao, akaenda zake. Na toka ile kuangalia kukatoka kazi inayojulikana leo mu dunia nzima.

Ubao wa plafon na rangi ya kinga

Edward alianza kuchora mwaka wa 1968. Alikuwa na miaka karibu 36, mushahara mudogo, na hakuna feza ya kununua vitambaa na rangi za wachoraji wa masomo. Basi alichukua kile kilikuwa mu butike za karibu. Kwa ubao, alitumia masonite, ile mbao nyembamba ya kufunga plafon ya nyumba. Ubao mukubwa wa futi 4 kwa 8 ukikatwa vizuri unatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2. Njo maana tablo zake nyingi ziko karé, pande zote ine sawasawa. Kwa rangi, alitumia ile ya kupakaa kinga, yaani baiskeli. Ni rangi ya mafuta, inangaa, inashika sana ubao, na haiogopi maji.

Ile rangi ndiyo ilimuonyesha namna ya kufanya kazi. Kwanza alipakaa ubao wote rangi moja, akaacha ikauke. Kisha juu yake alichora munyama mmoja mukubwa, ao wawili, bila kujaribu kwanza ku karatasi: chui mwenye macho makubwa, tembo, ndege yenye mukia murefu. Nyuma hakuna milima wala mawingu, pengine mumea moja tu. Ndani ya mwili wa munyama alitia vidole-vidole vya rangi, madoa, mistari. Munyama wake hafanane na ule wa foto, lakini mutu akimuona mara moja hamusahau.

Siku ilikuwa ya hospitali, na saa zilizobakia zilikuwa za ubao. Baadaye tablo zilianza kulipa kupita mushahara, na aliacha kazi ya Muhimbili. Mwaka wa 1970 alioa. Muke wake, Agatha Mataka, njo alikuwa anauzisha tablo inje ya duka la Morogoro Stores, kule Oyster Bay, fasi wageni walikuwa wanakuja kununua chakula. Kila mutu anayejua soko anajua kama kazi ya muchoraji ni nusu tu. Nusu ingine ni ya yule anayekaa ku jua, anaonyesha, anasema bei, anarudisha nyumbani zile hazikununuliwa. Hiyo nusu ilikuwa ya Agatha.

Wanunuzi wengi walikuwa Wazungu, na ndani yao kulikuwa watu wa Ulaya ya kaskazini waliokuja kufanya kazi za musaada. Baadaye hata kampuni ya serikali ya mambo ya sanaa ilianza kununua tablo zake na kuziuzisha. Kwa mutu wa miaka ine ya masomo, aliyekuwa anauzisha mboga miaka michache mbele yake, hiyo ilikuwa mulango mukubwa.

Hakuficha kazi

Hapo njo alifanya jambo ambalo wafanyakazi wengi wa mikono hawafanyi. Mutu akipata njia ya feza, mara nyingi anaifunga juu wengine wasiingie. Edward aliita ndugu na vijana wa upande wa kwao waliokuwa Dar es Salaam bila kazi, akawakalisha pembeni yake, akawaonyesha: namna ya kukata ubao, namna ya kupakaa rangi ya kwanza, namna ya kuweka madoa bila rangi kuchanganyika. Kati ya wale wa kwanza kulikuwa Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Henrik Tedo na Simon Mpata.

Haikuwa masomo ya ukuta na diplome. Ilikuwa kama vile mutu anajifunzaka kushona ao kutengeneza moto mu Butembo: unakaa karibu na bwana kazi, unaangalia, unabeba vyombo, siku moja anakupatia kazi ndogo, kisha kubwa. Kila mwanafunzi alikwenda na mukono wake. Mpata, mu mufano, alikwenda mpaka Kenya, na kazi yake ilipendwa sana na Wajapani. Jina lake liliwekwa hata ku hoteli moja ya watalii karibu na pori la Maasai Mara.

Ule uamuzi wa kufundisha ulionekana wakati ule kama kusaidia ndugu tu. Kumbe njo uliokoa kazi yote.

Usiku mmoja wa 1972

Mwaka wa 1972, Edward Tingatinga alikuwa na miaka karibu 40, watoto wadogo nyumbani, na kazi yake ilikuwa inapanda. Usiku mmoja alikuwa ndani ya gari pamoja na rafiki zake mu Dar es Salaam. Polisi walifuata ile gari, wakazani kama ni wezi wanaokimbia. Walipiga masasi. Edward alipigwa, na akakufa. Hakuwa mwizi. Alikuwa muchoraji.

Mutu wa Beni ao wa Butembo hana lazima ya kuelezwa sana namna jambo kama lile linatokeaka: giza, gari, mutu mwenye bunduki anayeamua mu sekunde mbili, na asubui familia inayotafuta mwili. Aliyekufa kwa kuzaniwa mwingine anaacha uchungu wa namna yake, maana hakuna vita aliyokwenda kupigana, wala deni aliyokuwa nayo. Alizikwa ku makaburi ya Msasani, kartié yake.

Alikuwa amechora miaka ine tu, toka 1968 mpaka 1972. Njo maana tablo za mukono wake mwenyewe ni chache. Zile nyingi zenye kuitwa tingatinga, ku butike za Zanzibar, Arusha ao Nairobi, zimechorwa na wengine.

Jina linatembea bila mwenyewe

Kama angalificha kazi yake, ingezikwa naye. Lakini wanafunzi walikuwa wanajua kukata ubao na kupakaa rangi. Walijikusanya pamoja wakabeba jina la bwana kazi wao, na mwaka wa 1990 waliandikisha kooperative ya wachoraji wa Tingatinga, fasi ileile ya Oyster Bay, karibu na kwenye Agatha alikuwa anauzisha. Wale walifundisha wengine, na wengine wakafundisha wengine tena. Leo tingatinga si jina la mutu mmoja tu. Ni jina la namna ya kuchora, sawa vile watu wanasema rumba bila kuuliza nani aliianzisha.

Hapo kuna faida na kuna hasara. Faida ni kama familia nyingi za Tanzania zimekula, zimesomesha watoto, kwa sababu ya ile kazi. Hasara ni kama jina likishakuwa la wote, mwenyewe anasahaulika. Watalii wengi wananunua tembo ya rangi kali bila kujua kama Tingatinga alikuwa mutu mwenye kaburi. Sheria ya haki za musanii, hata mu inchi zenye kuifuata vizuri, inachunga kazi yenyewe, tablo ile na jina lililo chini yake. Haichunge namna ya kuchora. Mutu yeyote anaweza kuchora chui mwenye madoa juu ya rangi moja.

Vile njo ilikuwa hata kwa filme. Mu Tinga Tinga Tales, ngozi za wanyama zinajazwa madoa na mistari, miti iko ya rangi kali, macho ni makubwa. Mwenye kusimulia ni tumbili mwekundu. Wachoraji wa Nairobi walichukua munyama aliyekuwa anasimama kimya ku ubao wa plafon, wakamupatia miguu ya kutembea na sauti ya kusema. Kazi iko nzuri kabisa, na iliwapatia vijana wa Kenya fasi ya kuonyesha kama desen anime ya kupita ku televizio za dunia inaweza kutoka Nairobi.

Na hadisi za Congo?

Mutu asizani kama Congo haikujaribu. Mu miaka ya 1950, padri mmoja wa Scheut, Alexandre Van den Heuvel, alitengeneza mu Congo ya Wabelgiji filme za desen anime juu ya Mboloko, yule swala mudogo mwenye akili anayeshinda wakubwa mu hadisi. Nao pia ulikuwa mukusanyo wa hadisi fupi. Ni watu wachache leo wanaoujua. Tena ulikuwa kazi ya wamisionere: wao walichagua hadisi gani, na mafundisho gani yawekwe ku mwisho. Mwaka wa 1991, Mucongomani Jean-Michel Kibushi alitoa filme yake juu ya chura anayekwenda kwa wakwe zake. Ile ilikuwa mara ingine: hadisi ya inchi, na mwana inchi mwenyewe njo anaitembeza.

Basi njia iko. Hadisi hazikosekani, mikono haikosekani. Mu Butembo na Beni, wachoraji wanaandika majina ya butike ku ukuta, wanachora vichwa vya vijana ku mulango wa saluni, wanapamba makamiyo. Wanatumia rangi ya mafuta na triplex, vyombo vya karibu na vile vya Edward. Wengi hawaweke jina chini ya kazi, na siku ukuta ukipakwa rangi mupya, kazi inakwenda na jina linakwenda.

Na wanyama wenyewe wanakwenda. Mu hadisi moja ya Tinga Tinga Tales, watoto wanajifunza juu ya nini kiboko haina manyoya. Ku ziwa Edward, ndani ya Parki ya Virunga, viboko walikuwa karibu 29,000 mu miaka ya 1970, wakati Tingatinga alikuwa anakufa. Kufika 2005, nyuma ya vita na uwindaji, hawakufika hata 1,000. Mutoto wa Butembo, aliye na lile ziwa karibu, anaweza kukomaa bila kuona kiboko isipokuwa ile ya kuchorwa. Edward yeye alichora wanyama wa Tunduru kwa sababu aliwaona.

Filme za Tinga Tinga Tales ziko fupi, na mutoto mwenye hajue luga yake anafuata bila shida, maana picha zinasema zenyewe. Muzazi anaweza kuikatisha kiisha kila hadisi na kuuliza watoto kama babu yao alikuwa anaisimulia namna ingine. Mara nyingi watapata kama ndiyo, na hadisi itaendelea bila telefone. Na mutoto akiuliza Tinga Tinga ni munyama gani, aambiwe kama alikuwa mutu wa Tunduru, aliyebeba wagonjwa mu Muhimbili, aliyeangalia kazi ya Wacongomani ku barabara, akachora chui ku ubao wa plafon, akafundisha wenzake, na akauawa usiku mmoja bila kosa.